Mushushe Mugongoni Akuone Uso

Treni ya Kabalo njo iliniambia, mwanangu. Ningali naikumbuka asubuhi ile, wakati inchi yetu inaitwa Zaire na miye ningali binti wa miguu myepesi. Nilikaa pembeni ya reli nangojea bwana yangu, na Zawadi wetu, mwenye miezi minane, amekaa kwenye kitenge mbele yangu anachezea vidole vyake. Treni ikapiga firimbi. Miye niliruka, mbuzi za jirani zikakimbia, mama mumoja akaangusha beseni lake. Zawadi akaendelea kuchezea vidole. Nilipofika nyumbani nilipiga sufuria nyuma ya kichwa chake mpaka jirani akauliza kama nimepata wazimu. Mutoto hakugeuka.

Sasa sikiliza upumbavu wangu, na usicheke sana. Niliacha kusema naye. Nilijiambia, nitamuimbia nani? Nikawa namufunga mugongoni asubuhi mpaka jioni, nafanya kazi yangu ya kuanika ndagala, wale samaki wadogo, kwenye muchanga wa ziwa, mudomo kimya. Watu walinisifu, eti mutoto wangu mutulivu! Mama mukwe wangu kule Moba aliposikia habari, akatuma neno: "Huyo hana akili. Akiacha kunyonya nitakuja kumuchukua, akae nami kule milimani watu wasimuone. Nyinyi zaeni mwengine." Bwana yangu aliinamisha kichwa, maana kwa ukoo wao neno la mama halirudishwi. Miye nililia. Lakini nisikudanganye: sehemu moja ya moyo wangu ilikubali.

Pale tunapoanika kulikuwa na muzee mumoja, Mama Feza, mwanamuke wa sauti kali. Alinitazama siku tatu. Siku ya ine akaja kusimama nyuma yangu.

"Mama Zawadi, huyu mutoto anaona nini toka asubuhi?"

"Anaona mugongo wangu, Mama. Watoto wote wa Kalemie wanabebwa mugongoni. Hata weye ulibebwa."

"Miye nilikuwa nasikia! Mutoto mwenye kusikia, hata akiwa mugongoni, anaokota kila neno la mama yake. Wako umemufungia inje ya nyumba. Mushushe akuone uso."

Nilikasirika, nikamuuliza nani alimufanya munganga. Hapo sauti yake ikashuka. Akaniambia kijana wake Petelo, yule fundi wa kushona sokoni, naye hasikii tangu kuzaliwa. "Waliniambia ngoja, akikua atasikia. Nikangoja mpaka meno ya utoto yakamutoka. Miaka saba, mpaka tulipoanza kusema kwa mikono, tulikula sahani moja, na hakujua kama miye njo mama yake ao mupishi tu. Hiyo miaka hakuna atakayenirudishia. Weye ungali na muda. Leo, si kesho." Machozi yakamutoka mbele ya wanawake wote. Nikafungua kitenge.

Tangu siku ile Mama Feza alipita kwetu kila asubuhi mbele ya kuenda ziwani, na siku ya Mungu alikuja na Petelo. Walinifundisha kukaa chini macho yangu yawe sawa na ya mutoto, mwanga uwe usoni kwangu. Kumugusa bega mbele ya kumuonyesha kitu. Kusema na mudomo, na uso, na mikono, yote pamoja. Samaki, mukono unaogelea. Mvua, mikono miwili inashuka, vidole vinachezacheza. Bwana yangu naye walimufundisha. Kwanza alicheka kwa haya, halafu akawa ananishinda. Zawadi akajua kuomba kunyonya, akajua kuomba samaki, basi. Nilifikiri ni kuomba tu, kama paka anavyoomba.

Alipoacha kunyonya, mama mukwe akashuka na boti ya Moba. Boti ilikuwa inarudi siku ileile mangaribi. Akafunga nguo za mutoto kwenye kitambaa, akaja kukaa pale tunapoanika, Zawadi mapajani, anangojea saa. Miye niliinama juu ya ndagala nisimuone. Wanawake sote tulikuwa tumeinama.

Mara nikaguswa bega. Nikageuka: Zawadi, ameshuka mapajani kwa bibi yake! Akanyoosha kidole kwenye ziwa, akainua mikono yake miwili midogo, akaishusha, vidole vinachezacheza.

"Anafanya nini huyo?" mama mukwe akauliza.

"Anasema mvua inakuja, Mama."

Tukatazama. Jua lilikuwa kali juu yetu, lakini kule mbali ziwa limekuwa jeupe, mvua inakuja mbio. Ee Mungu wangu! Tulikusanya ndagala huku tunapiga vigelegele, na hatukupoteza hata beseni moja. Mwanangu, nimezaa watoto sita, nimezika wazazi, nimeona mengi, lakini kitu kama kile sijakiona tena. Hakuomba kitu. Alikuja kunipa habari. Muntu muzima alikuwa mule ndani siku zote, ananingojea nigeuke.

Tulikimbilia chini ya bati. Mama mukwe alikaa mbele ya Zawadi. Halafu, kwa haya, akainua mukono mumoja, akaushusha. "Ni hivi?" Zawadi akamutazama, akacheka, akashika mukono wake wa pili akauinua nao. Mama mukwe akalia. Mangaribi boti iliondoka naye peke yake, na nguo za mutoto akaziacha kwangu.

Basi mwanangu, weye uliyenijia leo na mutoto asiyegeuka ukimuita, sina maneno mengi. Usingoje akue. Mushushe leo hii, kaa chini, mupe uso wako na mikono yako. Baba yake ajifunze, bibi yake ajifunze, mutoto asiwe na muntu mumoja tu wa kusema naye. Ukichoka, ulie kidogo, halafu uendelee. Kesho asubuhi Zawadi mwenyewe atapita kwako, naye ni mama sasa, na anafundisha kuliko miye. Mufungulie mulango.

Mungu aipe mikono yako nguvu, ayalinde macho ya mutoto wako. Na siku atakapokugusa bega, akujalie uwe karibu, ugeuke.