Saa Sita ya Bi Rula

Kwa miaka kumi na tisa shangazi yangu ameshuka mtoni kila siku kusoma kipimo na kuandika kina cha maji kwenye daftari. Majirani wakambandika jina la Bi Rula, naye huitika bila kununa.

Juzi mhandisi wa mradi wa umwagiliaji, aliyepiga hesabu kwa kutumia daftari hilo, alitangaza kwamba maji hayatoshi, hivyo mashamba ya chini, likiwemo la shangazi, yaondolewe kwenye mradi. Nilipandwa na hasira. Yaani daftari lake mwenyewe ndilo limnyime maji? Tukaongozana hadi ofisini.

Mhandisi akafungua ukurasa. "Hapa umeandika 6:00. Saa kumi na mbili alfajiri pampu za wakulima wa juu hazijawashwa, ndiyo maana tumeyatoa maji yao kwenye hesabu."

"Alfajiri ipi, baba?" shangazi akacheka. "Hiyo ni saa sita mchana, jua liko utosini! Pampu zimeshakunywa zikashiba."

Maji ambayo pampu zilikwisha kuyavuta, mhandisi alikuwa ameyatoa mara ya pili. Akapiga hesabu upya, mwezi kwa mwezi, nasi tumesimama nyuma ya kiti chake. Maji yalitosha mashamba yote, hata kiangazi, na mto ukabakiwa na chake.

Nilishusha pumzi. Hotuba yangu ya haki, niliyoiandaa njia nzima, iliishia kooni.

"Twende, mwanangu," shangazi akasema, akichukua daftari lake. "Saa sita inakaribia."