Gari Lililomkataa Mama Mkwe

Kwanza nilidhani ni misumari. Ninauza misumari, rangi na kufuli sokoni hapa Kamina, na gari langu halikosi msumari uliopotea chini ya kiti. Kwa hiyo asubuhi ile gari lilipogonga mara ya kwanza, mama mkwe wangu aliposhuka, nilitoa viti vya mbele, nikapiga magoti, nikapekua. Nilipata misumari kumi na minane, kitana cha mke wangu, na ndizi ambayo sitaieleza. Nikarudisha viti. Kesho yake nikaenda tena kumchukua mama mkwe, na tulipofika kwenye mpando, kile kilima kilicho baada ya reli, sauti ikarudi: ti-ti-ti-ti-ti, kama mtu anatikisa kopo la misumari ndani ya injini.

Nieleze hali ya nyumbani, na nijaribu kuieleza kwa haki. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba yetu ya kwanza, miguu imevimba, na daktari alimkataza kusimama sana. Mama yake alikuja kutoka Kabongo kumsaidia mpaka mtoto azaliwe na kitovu kianguke. Lakini mama huyu ni wa desturi ya zamani. Hawezi kulala chini ya bati la mume wa binti yake. Alifikia kwa dada yake, ng'ambo ya reli, na kila asubuhi mimi nilimfuata na kila alasiri nikamrudisha. Pikipiki hapandi kwa sababu ya goti. Baiskeli, afadhali usimtajie. Ilikuwa gari langu au hakuna.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, lina turbo, nililinunua Lubumbashi kwa kijana mmoja. Aliniambia amebadilisha programu katika kompyuta ya injini ili liwe na nguvu zaidi. Sikuelewa programu ni nini. Nilielewa neno nguvu. Shule yangu iliishia mwaka wa tatu wa sekondari, na pengine mtu aliyesoma zaidi angeuliza swali moja au mawili. Mimi niliuliza kama redio inafanya kazi.

Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Humtazami machoni, huli mbele yake, humwambii neno la ovyo. Yeye alikaa nyuma, mimi mbele, na kioo cha ndani nilikigeuza juu mpaka kikawa kinatazama paa, ili macho yetu yasikutane kwa bahati mbaya. Najua si salama. Tulisafiri kimya kabisa, na ndani ya kimya hicho kila ti ilisikika vizuri sana.

Siku ya tatu alizungumza na mke wangu jikoni, kwa sauti ya kunifikia mimi uani.

"Mutuka ya bwana yako inanikatala," alisema. "Ikibeba bengine, inanyamaza. Ikinibeba minyi, inanung'unika. Mutuka haiko na kinywa. Inasema ile iko mu roho ya mwenyewe."

"Ah, mama!"

"Treni ikikuya, narudia Kabongo."

Tangu siku hiyo alipanda na begi lake la safari, akaliweka pembeni yake kwenye kiti, kila asubuhi, treni isije ikamkuta hana nguo.

Mke wangu alinifuata uani akiwa ameshika kiuno. "Baba, tengenezesha ile mutuka mbele treni haiyafika."

"Treni inafika lini?"

Kamina nzima hakuna anayejua treni inafika lini. Inaweza kuwa wiki tatu, inaweza kuwa kesho.

Usiku huo sikulala mapema, nilijichunguza. Je, kweli kuna manung'uniko rohoni mwangu? Kwa haki lazima niandike: ndiyo, mara moja. Siku ya pili alisema misumari yangu inapinda, na nilinung'unika kidogo nikiwa chooni. Lakini gari lilikuwa limeanza siku ya kwanza.

Nikaenda kwa fundi. Yeye ni mtoto wa mwanajeshi, alikulia kule kambini, na ana kipande cha mpira wa maji ambacho huweka ncha moja sikioni na ncha nyingine juu ya injini, kama daktari. Alisikiliza muda mrefu. Gari lilikuwa limesimama, kwa hiyo halikugonga hata kidogo.

"Iko muzima," alisema.

"Inagonga kwa mpando, sawa misumari mu kopo."

"Basi si misumari. Ni moto inawaka mbele ya wakati yake. Ulinunua esanse wapi?"

Ndipo nilipofanya kosa ninaloliomba radhi. Ninanunua esanse, mafuta ya gari, kwa mama mmoja wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu wa Maniema, anayeuza kwa chupa kando ya barabara. Nilimwendea na kumwambia, mbele ya wateja, kwamba pengine amechanganya na petroli ya taa, yale mafuta ya kuwashia taa. Alimimina kidogo kwenye kiganja changu, akanishika mkono, tukangoja pamoja mpaka ikakauka.

"Nusa. Pangusa. Unaona mafuta?"

"Hapana, mama."

"Petroli ya taa inabakisha mafuta ku mukono. Hii ilibakisha nini?"

"Haya, mama. Haya tupu."

"Njo ile, ndiyo hiyo. Enda nayo."

Wateja walicheka sana. Nilinunua chupa nne ambazo sikuzihitaji.

Basi ikabaki uzito, maana gari liligonga likimbeba yeye tu. Fundi aliuliza, bila aibu yoyote, "Mama mukwe iko na kilo ngapi?"

"Weye iko wazimu? Muntu anauliza ile namna gani?"

"Hauulize. Unamupima kwa macho."

"Macho gani? Simutazamaka!"

Ilikuwa kweli. Mwaka wa pili wa ndoa, na kama ningeulizwa nimweleze mama mkwe wangu ningeweza kueleza viatu tu. Nilimwuliza mke wangu. Alifikiri, akasema, "Gunia moja ya mahindi. Na usiseme njo minyi nilisema."

Tulikalisha gunia kwenye kiti cha nyuma, tukalifunga mkanda. Fundi akakaa pembeni yangu. Vijana wa pikipiki waliokuwa kwenye kivuko cha reli walituona.

"Patron! Leo unatembeza bibi?"

"Mumusalimie!"

Tukapanda mpando kwa mwendo mzuri. Kimya. Tukashuka, tukarudia. Kimya. Nilirudia mara tano, kwa sababu mara moja si haki kwa mtu yeyote.

Fundi alizima injini. "Gunia haigongi," alisema.

"Basi ni mama mwenyewe."

Nilimfikiria mke wangu na miguu yake, na begi lile kwenye kiti.

"Kesho nitapanda pamoja naye," fundi alisema hatimaye. "Nataka kusikia kwa masikio yangu."

Kesho yake mama mkwe alimkuta kijana mgeni kiti cha mbele, na nadhani alifurahi, maana sasa alikuwa na mtu wa kumsemesha. Alizungumza njia nzima. Kuhusu misumari yangu pia. Tulivuka reli, tukaanza mpando, na ti-ti-ti-ti-ti.

"Unasikia, mwanangu?" akamwambia fundi. "Njo minyi inanisema."

Fundi hakuinama kusikiliza injini. Alikuwa anatazama mkono wangu kwenye gia.

"Kaka, uko mu vitesi ya ngapi?"

"Ya ine."

"Ya ine? Na huu mwendo ya bata? Jana na gunia ulikuwa mu ya mbili!"

Nilishusha sauti. "Mu ya mbili motere inapiga kelele. Siwezi kupigia mama mukwe kelele."

"Na hewa baridi uliiwasha juu ya nini?"

"Juu yake."

Fundi alijifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakatikisika. Niliegesha gari kando, nikidhani analia.

"Anasema nini?" mama mkwe aliuliza, ingawa alikuwa amekaa nyuma yetu pale pale na alisikia kila kitu.

"Mama," fundi alisema, akipangusa macho, "mukwe wako anakuheshimu mingi. Anaweka vitesi ya juu ili motere inyamaze, anatembea polepole, halafu anakanyaga ili mutuka ipande. Motere inalemewa, na hewa baridi inaiongezea muzigo. Na ile programe ya Lubumbashi inaambia moto iwake mapema, iwake mapema. Iko sawa na banamuke babili banatwanga majani ya sombe..."

"Mu kinu moja," mama mkwe alimkatiza. "Mumoja akiharakisha, michi inagongana."

"Voilà, mama."

"Donc, kumbe hainikatale."

"Ni heshima njo inagonga, mama. Na ikigonga vile kila siku, itatoboa motere."

Mimi nilitazama usukani. Nilijiona mpumbavu, na pia, nikiwa mkweli, nilijiona nimesafishwa kidogo.

"Mwambie mukwe wangu," alisema mwishowe, "minyi nilizala batoto munane, na baba yao alikuwa mupiga ngoma. Kelele ya motere itanifanya nini? Arudie chini. Aanze tena."

Nikarudi mpaka kwenye reli. Nikazima hewa baridi, nikaweka vitesi ya pili. Gari lilipanda likipiga yowe kama mbuzi anayeona kisu, vijana wa pikipiki wakatawanyika, kuku mmoja akapoteza mwelekeo wa maisha. Lakini ti haikusikika, hata moja.

"Basi, inanikubali," alisema mama mkwe, akimwambia fundi.

Lazima niongeze alichosema fundi tulipobaki wawili, nisije nikajipa ushindi usio wangu. Vitesi ya pili si dawa, ni kuuguza tu. Dawa ni kuondoa programu ya nguvu na kurudisha ya zamani, na mwenye mashine ya kufanya hivyo yuko Lubumbashi. Nilisita. Nguvu ile nimeitumia mara moja tu tangu ninunue gari, kulipita lori la makaa, na mbele yake kulikuwa na lori jingine. Nikamwambia fundi iondolewe, mwenye mashine akipita Kamina. Hajapita. Na hewa baridi imekatazwa.

Treni ilifika siku ya sita. Tulikuwa kwenye kivuko, mimi na mama mkwe peke yetu, tukangoja ipite. Ilipiga honi ndefu. Ilipita polepole sana, na watu wamejaa mpaka juu, na kituo hakikuwa mbali. Hata mwenye goti bovu angefika. Nilikaza mikono kwenye usukani. Nikanyoosha kidole kimoja, nikashusha kioo cha ndani kidogo, kidogo tu, kwa pembeni, kiasi cha kuona kiti na si mtu.

Begi halikuwepo.

Behewa la mwisho likapita. Barabara ikafunguka, mpando ukawa mbele yetu, na mkono wangu, kwa mazoea, ukaenda wenyewe kuelekea ya nne. Ndipo mama mkwe aliponisemesha mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu nioe.

"Mukwe," alisema. "Ya mbili."