Njia ya Viziwani na Baba Mkwe

Miezi mitano baada ya kumzika mama mkwe, baba mkwe alifika nyumbani kwetu Kikula, mjini Likasi, asubuhi na mapema, amevaa mabuti yake ya zamani ya kiwandani, yale yenye chuma kwenye vidole. Mke wangu alidhani baba yake amekuja kunywa chai, akamvutia kiti. Mzee hakukaa.

"Mukwe," aliniambia, "siku ya posho tutapanda milima mpaka ku viziwa. Minye na weye tu."

Sikuelewa. Katika miaka tisa ya ndoa, mimi na yeye hatukuwahi kukaa peke yetu hata saa moja. Kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Nilijibu, "Ndiyo, papa," maana jibu jingine halikuwepo.

Jumamosi hiyo pikipiki mbili zilituacha mwisho wa barabara ya vumbi, pale wachoma makaa wanapofunga magunia kwenye baiskeli. Ilikuwa kiangazi, baridi ya asubuhi inatoa moshi mdomoni. Mzee alinionyesha milima kwa fimbo yake. Huko juu, alisema, kuna viziwa vitatu. Cha kwanza kitakuwa kushoto, cha pili kulia, na cha tatu kina jiwe bapa la kukalia. Sisi tulikuwa tunakwenda kwenye hicho cha jiwe.

"Minye najua njia," alisema, akatangulia.

Nilidhani nitamsubiri, kumbe yeye ndiye aliyenisubiri. Mimi nachomelea mageti, siku nzima nimechuchumaa, na mapafu yangu yalinisaliti kabla ya mwinuko wa kwanza kwisha. Mawe yaliteleza chini ya miguu. Mahali pengine tulipanda kwa mikono, tukishika mizizi, majivu ya nyasi zilizoungua yakitupaka mpaka magotini.

Karibu saa nne tukaona maji. Kiziwa kidogo, cheusi, kimetulia kati ya miamba. Lakini kilikuwa kulia kwetu. Mzee alisimama, akatazama mkono wake wa kushoto, kisha wa kulia.

"Hii hapana yenyewe," alisema, akaongeza mwendo.

Tulipanda tena, tukashuka, tukapanda. Kiziwa cha pili kikatokea kushoto. Hicho nacho akakikataa. Baadaye tukaona maji mengine yenye matete pembeni kama hicho, na mimi nikawa na hakika kwamba tumerudi kwenye kile cha pili. Halafu nikaona maua ya majini ambayo sikuyakumbuka, hakika ikaniponyoka. Jua lilikuwa upande gani tulipoanza? Nilijaribu kukumbuka, nikashindwa hata kujua mji wetu uko nyuma au mbele. Na ningemwambiaje baba wa mke wangu kwamba amepotea?

"Siko nabisha, papa," nilianza, "lakini..."

"Basi usibishe."

Ndipo tukamkuta mama mmoja akikata matete, beseni la visamaki liko kando yake. Tulimsalimia. Mzee akamuuliza kiziwa cha tatu kiko wapi, kile cha jiwe bapa.

"Munatoka wapi?"

"Likasi."

Mama yule alicheka kwa upole. "Siye tunahesabia kutoka chini, ku ziwa ya Tshangalele. Hapa ni ya kwanza. Ya tatu mulishaipita asubuhi."

Baba mkwe alikaa chini palepale, kwenye majani yenye maji.

"Minye sijafikaka huku hata siku moja," alisema mwishowe, bila kunitazama. "Mama yenu ndiye alikuwa anakuja, zamani, mbele tuoane. Kila mwaka aliniambia, twende ukaone. Minye nasema, niko na zamu. Njia alinielezea mara mingi, nikaishika kwa kichwa."

Tulirudi. Mara hii nilitangulia mimi. Jiwe bapa lilikuwepo kweli, ng'ambo ya kile kiziwa tulichokiona asubuhi, limefichwa na kichaka. Mzee alilikalia. Tukala bukari baridi, ugali wetu, na samaki wa kukaanga aliotufungia mke wangu. Alitazama maji muda mrefu, kisha akaniuliza, "Ni hii tu?" Sikujua kama anasikitika au ameridhika. Nilisema, "Ndiyo, papa."

Jioni nilimweleza mke wangu kila kitu. Aliacha kuosha sahani.

"Mama? Ku viziwa?" Alinikazia macho. "Mama alizaliwa Panda, katikati ya muji. Na maji aliogopa sana, hata muto hakuvuka bila kushikwa mukono. Alienda na nani huko?"

"Labda alipokuwa msichana."

"Labda. Ao papa alisikia kwa mutu mwingine."

Nilimuuliza mke wangu kama nimuulize mzee. Alifikiri kidogo, akachukua tena sahani. "Acha," alisema.

Jumapili, baada ya misa, baba mkwe alinipungia mkono kutoka upande wa pili wa uwanja wa kanisa, akaja, akanishika bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliongea kuhusu bei ya mabati na kuhusu kikohozi chake. Nilimsikiliza, nikitafuta usoni pake dalili yoyote ya nani hasa aliyemwelezea njia ile, na sikuona kitu ninachoweza kukisoma.