Kidole Kimoja Chini ya Kikonyo

Ni saa moja kasorobo, asubuhi ya Jumamosi, na umande bado umelala kwenye majani. Mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani anapiga goti kati ya tuta la nane na la tisa, anapitisha kidole kimoja chini ya kikonyo cha stroberi, anakiinua taratibu. Tunda linageuka lenyewe. Analitazama shingoni, anaona weupe mwembamba kama ukucha wa mtoto mchanga, analirudisha juu ya nyasi kavu.

"Wewe lala," analiambia. "Kesho kutwa."

Ana matuta ishirini na mawili ya kupitia kabla lango halijafunguliwa saa tatu. Siku nyingine angekuwa anaimba. Leo haimbi, maana hii ni Jumamosi ya tatu, ya mwisho kati ya zile alizopewa.

Shambani hapa hakuna anayemwita kwa jina lake. Wageni wanaokuja kujichumia stroberi na kuzinunua humwita Mama Kofia, kwa sababu ya maneno anayoyarudia tangu lango linapofunguliwa hadi linapofungwa: "Chuma na kofia yake." Kofia ni yale majani madogo ya kijani juu ya tunda. Stroberi ikivuliwa kofia inaanza kuvuja, na ikifika nyumbani imekuwa uji.

"Binti yangu mdogo aliulizwa shuleni mama yako anafanya kazi gani," anasimulia huku mikono ikiendelea. "Akasema anawaambia watu wasivue kofia. Mwalimu akadhani mimi ni askari."

Ana umri wa miaka arobaini na saba, na kumi na minne kati ya hiyo ameitumia hapa. Alianza kwa palizi. Shamba lenyewe si kubwa: aliyesimama langoni anaweza kumwita aliye kwenye tangi la maji, mwisho kabisa wa shamba, bila kutoa mshipa wa shingo.

Mwenye shamba ni nesi mstaafu, mwanamke wa miaka sabini na mmoja ambaye kila mtu humwita Sista. Alistaafu kazi lakini kazi haikumstaafu yeye. Kila asubuhi hupita kati ya matuta akiwa na daftari kwenye mfuko wa aproni, akiinama hapa na pale kama anayewajulia hali wagonjwa wodini.

Zamani matunda yote yalichukuliwa na mfanyabiashara aliyekuja na pikapu mara mbili kwa wiki. Yeye alitaka stroberi ichumwe ikiwa nusu nyekundu, ili ivumilie safari. Bei yake ilikuwa theluthi ya ile anayolipa mgeni leo.

"Zikifika kwa mlaji zimekuwa nyekundu, ndiyo, lakini wekundu wa kujipaka," anasema Mama Kofia. "Ukiuma, hakuna kitu. Ni kama kumwamsha mtoto saa nane za usiku halafu unamwambia acheke."

Misimu mitano iliyopita, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama kwenye uzio akaomba aingie achume mwenyewe, za mlo mmoja tu. Mama Kofia akaenda kumuulizia kwa Sista.

"Watu waingie shambani kwangu na viatu vyao?" Sista aliuliza.

"Waingie na mabeseni yao pia," Mama Kofia akajibu.

Sista hakucheka, ila aliruhusu. Yule mama akala tatu akiwa amesimama pale pale kwenye tuta, akafumba macho. Jumamosi iliyofuata alirudi na majirani wanne. Siku hizi wageni hufika sitini kwa Jumamosi moja, na mfanyabiashara wa pikapu haji tena.

Wageni wanahitaji wa kuwaongoza, wa kupima, wa kuosha mabeseni. Ndiyo maana wanawake wanane hupata kazi msimu mzima, ambapo zamani walikuwa wanne. Na mshahara wa Mama Kofia, uliokuwa ukilipa ada ya binti mmoja, sasa unalipa ya wawili. Kabla ya hapo, mkubwa alikaa nyumbani mwaka mzima akimsubiri mdogo wake amalize mwaka wake wa masomo ili zamu imfikie.

"Alikuwa anafagia ua mara tatu kwa siku," mama yake anasema. "Ua ulikuwa safi mpaka nikauchukia."

Hiki ndicho kilicho juu ya mizani leo. Na aliyekiweka hapo, bila kujua, ni yeye mwenyewe.

Stroberi huanza kuivia nchani, shingo ikaiva mwisho. Mgeni akiitazama kwa juu huona nyekundu tupu, akachuma, kumbe shingo bado nyeupe na chachu. Mwanzoni mwa msimu huu Mama Kofia alichoka kuona mabeseni yenye shingo nyeupe. Akabuni somo jipya, akalitangaza langoni: "Geuza kwanza uone shingo. Ikiwa nyeupe, iache."

Wageni walitii, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Watu sitini, kila mmoja akashika tunda kwa gumba na kidole, akaligeuza, akaona weupe, akaliacha kwa adabu. Aliyefuata akalishika lile lile. Na aliyefuata. Shingo nyeupe hazikuonekana tena kwenye mabeseni. Mama Kofia alikwenda nyumbani akiimba.

Jumatatu asubuhi, matunda yaliyoachwa yaive yalikuwa yamevilia. Kila moja lilikuwa na doa jeusi, la duara, la ukubwa wa gumba. Sista alizunguka na beseni, akalijaza, akalimwaga juu ya meza ya mizani, akarudi kulijaza tena. Kisha akayapanga kwa mistari na kumwita.

"Hii ni alama ya nini?"

"Gumba, Sista."

"La nani?"

"La wageni."

"Na nani aliwafundisha kushika?"

Mama Kofia anasema heri Sista angepiga kelele. "Mtu akikufokea unapata pa kujificha. Yeye aliuliza tu, kama anauliza umeanza kuumwa lini. Nikasema ni mimi."

Sista alimpa Jumamosi tatu. Jumatatu baada ya ile ya tatu angepita mwenyewe na bakuli lake la uji, dogo, la bati. Matunda yenye alama za vidole yakizidi bakuli hilo, lango litafungwa kwa wageni na mfanyabiashara wa pikapu ataitwa arudi. Wanawake wanne wangebaki. Mama Kofia angekuwa mmoja wao, lakini kwa mshahara wa zamani.

Jumamosi ya kwanza aliwaambia wageni wasiguse tunda lolote wasilolichuma. Wakachuma kwa kukisia, shingo nyeupe zikarudi kwa wingi. Jumamosi ya pili aliamua kutembea na kila mgeni, mmoja mmoja, akiwageuzia yeye. Kufikia saa sita sauti ilikuwa imekauka, foleni imefika barabarani, na familia tatu ziligeuza zikaenda zao.

Jibu lilipatikana nyumbani, jioni ya Jumatano.

Nyumbani kwake ni vyumba viwili na kibaraza. Mumewe ni seremala, na nyuma ya mlango kumeegemezwa mbao alizobakiza kwenye kazi za watu, mbao ambazo kwa miaka miwili zimekuwa zikingoja kuwa kabati. "Mume wangu ametengeneza milango ya nusu ya mtaa huu," anasema. "Wa kwetu tunaufunga kwa kamba."

Jioni hiyo binti mdogo alikuwa amesinzia mezani, shavu juu ya daftari, chakula kikiwa bado jikoni. Mama yake alitaka kuona kama wino umemchafua uso. Hakutaka kumwamsha. Akapitisha kidole kimoja chini ya kidevu, akainua kidogo. Uso ukageuka wenyewe kuelekea kwenye taa. Mtoto hakushtuka, alimeza mate tu akaendelea kulala.

"Nikabaki nimesimama pale pale. Mume wangu akaniuliza, unampima homa? Nikamwambia, nyamaza baba watoto, nimepata."

Leo, Jumamosi ya tatu, saa tatu kamili lango linafunguliwa. Wageni wa kwanza wanaingia na mabeseni, wengine na ndoo, mmoja na sufuria yenye kifuniko. Mama Kofia anawapanga mbele ya tuta la kwanza.

"Mkono mmoja nyuma," anawaambia. "Nyuma kabisa, kama mtu anayeficha zawadi. Huo uliobaki nataka nione kidole kimoja tu. Gumba nalo lilale."

Watu wanacheka, lakini mikono inakwenda nyuma. Anainama, anapitisha kidole chini ya kikonyo, anainua. Tunda linageuka na kuonyesha shingo, nyekundu mpaka kwenye kofia.

"Hamjaligusa. Mmeligusa?"

"Hatujaligusa," wanajibu kwa pamoja kama darasa.

"Mnamwinua kidevu mtoto aliyelala. Mkiona ameiva, kateni kikonyo kwa ukucha, achumwe na kofia yake. Hajaiva, mrudisheni alale. Atakayemwamsha mtoto wangu, atambembeleza yeye."

Kijana mmoja aliyekuja na mchumba wake anainua kidole. "Mama, huyu wangu naye nimwinue kidevu nione kama ameiva?"

"Huyo aliiva zamani, mwanangu. Wewe ndiye bado shingo nyeupe."

Mchumba anacheka mpaka analitua beseni chini.

Kando ya meza ya mizani, kwenye kiti cha mbao, ameketi babu mmoja mwenye fimbo na shati lililopigwa pasi vizuri. Huletwa kila Jumamosi na binti yake na mjukuu wa miaka sita. Magoti yake hayapindi tena, na matuta yako chini.

"Naletwa kama kikapu, nawekwa kama kikapu, narudishwa kama kikapu," anamlalamikia Mama Kofia anapopita.

"Kikapu kikirudi kimejaa si vizuri, babu?"

"Kimejaa vya watu. Misimu mitatu nakula stroberi zako, sijachuma hata moja. Mjukuu wangu ananisimulia inavyokuwa, kana kwamba niko nchi nyingine."

Mama Kofia anacheka, kisha anaacha kucheka. Anakitazama kile kiti, anautazama umbali kati ya mkono wa babu na tuta. Halafu mtu anaita kutoka tuta la kumi na saba, naye anakimbia.

Mchana kutwa haketi. Anapita nyuma ya migongo iliyoinama akisema neno moja tu, "gumba", na magumba yanarudi kujificha. Saa kumi lango linapofungwa, wamepita watu sitini na watatu. Nyumbani hakuna wimbo jioni hiyo. Jumapili anafua nguo ambazo, kwa maelezo ya mumewe, zilikuwa safi.

Jumatatu Sista anatoka na bakuli la bati. Anaanza tuta la kwanza. Wanawake wote wanane wamepata kazi za ghafla mahali pamoja, karibu na tangi la maji, ambapo palizi ilimalizika wiki iliyopita. Mama Kofia anang'oa jani moja la nyasi, analiangalia, analitupa, anatafuta jingine.

Sista hana haraka. Anainama, anaokota, anasogea. Kwenye tuta la kumi na mbili anainama muda mrefu sana. Mwanamke aliye kando ya Mama Kofia anamshika mkono.

Baada ya tuta la ishirini na mbili, Sista anakuja kwenye meza ya mizani na kuliweka bakuli. Ndani yake chini panaonekana. Kuna matunda kumi na moja.

Sista anatoa moja, analigeuza kwenye mwanga. "Hili ni la konokono," anasema. "Silihesabu."

Anatoa daftari, anaandika kitu, analirudisha kwenye aproni. Kisha anaanza kuondoka kuelekea nyumbani. Hatua kama tano hivi anasimama, bila kugeuka.

"Jumamosi fungueni lango saa mbili. Saa tatu jua linawachoma watoto."

Hapo Mama Kofia anaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaegemeza kichwa kwenye mguu wa meza, na machozi yanamtoka bila sauti. Wenzake wanamzunguka, mmoja anampepea kwa trei. Alipotulia, alilivuta lile bakuli akala matunda yote kumi, moja baada ya jingine, alama za vidole na yote. La konokono alimwachia konokono.

"Yalikuwa matamu," anasema. "Mtu anasema tunda lenye doa halifai. Ungeyaonja."

Mchana huo huo alimfuata Sista barazani akiwa na kipande cha uzi mkononi. Aliupima Jumamosi, babu alipokuwa akisinzia: kutoka ardhini mpaka kwenye kiwiko cha mtu aliyeketi. Alitaka kuweka sanduku la mbao kwenye miguu, la urefu huo, pembeni ya lango, lijazwe udongo na mbolea ya samadi, lipandwe miche kumi na miwili. Kwa wasioweza kuinama.

"Mbao zangu?" Sista aliuliza.

"Za mume wangu. Za kabati."

"Na kabati?"

"Tumeishi bila kabati miaka miwili, Sista, nguo hazijalalamika."

Sista aliuchukua ule uzi, akaketi kwenye kiti chake, akajipimia kiwikoni. Akaurudisha. "Ongeza vidole viwili," alisema. "Wazee huketi na mto."

Miche itapandwa mwezi ujao, na matunda ya kwanza yanatarajiwa msimu utakaofuata. Sanduku limeshaanza. Limekaa kibarazani, lina miguu mitatu, na binti wote wawili wanalitumia kama meza ya kusomea mpaka mguu wa nne upatikane.

Babu ameshaambiwa. Jumamosi iliyofuata aliketi kwenye kiti chake kile kile, mkono mmoja ameuweka nyuma ya mgongo, mwingine ameunyoosha kidole kimoja, akikiinua hewani polepole, akishusha, akiinua tena.

"Babu, unafanya nini?" mjukuu wake akamuuliza, mdomo mwekundu mpaka mashavuni.

"Nafanya mazoezi," akasema. "Mwakani ni mimi nitakayekusimulia."