Gari la Kupandia Lyamba

Lilisikika likiwa bado nyuma ya mikaratusi, kule barabara inapokata kona kabla ya kushuka mtaani kwetu: mngurumo wa kukwaruza, halafu kikohozi, halafu mlio mrefu kama wa mtu anayeburuta debe tupu juu ya mawe. Kuku wa mama walielewa kabla yetu, wakakimbilia uvunguni mwa ghala. Mama aliinua uso kutoka kwenye ungo wa maharage.

"Trekta la nani hilo, Jumapili?"

Halikuwa trekta. Kona ilipolitoa, tuliona gari dogo jeupe, weupe wa maziwa yaliyolala, taa moja ikitazama barabara na nyingine ikitazama mbinguni. Nyuma ya usukani alikaa dada yangu, wima kama siku ya komunyo yake ya kwanza. Alikuwa amelinunua kwa mfanyabiashara wa maharage wa Majengo, ambaye kwa miaka mingi alilijaza magunia mpaka likasahau kwamba liliumbwa kubeba watu. Dashibodi ilisema kilomita laki tatu na ushee, lakini namba zile ziligoma kusogea zamani, kwa hiyo umri wake wa kweli aliujua Mungu peke yake.

"Shikamoo, mama," dada alisema akiteremka. "Ndilo hili."

"Marahaba. Ndilo nini?"

"Gari."

Mama alilizunguka taratibu, mikono mgongoni. Nilimjua, alikuwa anatafuta mahali pa kuanzia.

"Limekuja lenyewe," alisema mwishowe, "au mmesukumana?"

Alikuwa na sababu ya kulichokoza mapema. Dada alifundisha shule ya msingi Ilemba, chini bondeni, upande wa Ziwa Rukwa. Binti yake wa miaka minne alikuwa akilelewa na mama hapa Sumbawanga tangu alipoacha kunyonya. Dada alipanda kuja kumwona kila alipopata nafasi, kisha akashuka akiwa amemwacha. Mtoto alimwita bibi yake "mama". Mama yake mzazi, mtoto alimwita "Mwalimu", kama alivyosikia majirani wakimwita, na alimwita hivyo kwa mapenzi yote, akimkimbilia na kumkumbatia magoti: Mwalimu amekuja. Dada alicheka kila mara. Halafu alikwenda kunawa uso.

Kila alipoomba kumchukua mtoto wake wakaishi pamoja, mama alimpa jibu moja. "Bonde lina homa. Siku mtoto akishikwa, utampandisha hospitali na nini? Na chaki?" Mpaka siku moja tukivuna ulezi, dada akauliza: je, nikipata gari? Mama, akiamini kwamba jambo hilo liko mbali kama mwezi, akatoa sharti mbele yetu sote. Gari lipande Lyamba lya Mfipa, ule ukuta wa milima unaotenga bonde na uwanda wetu wa juu, kutoka chini mpaka kileleni, bila kusimama hata mara moja, na yeye mwenyewe awe amekaa ndani.

"Hapo tutazungumza," alisema, akaendelea kukata masuke.

Fundi alikuwa mjomba, mdogo wake mama, mwenye kibanda cha kutengenezea magari Majengo na maoni juu ya kila kitu chini ya jua. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kuandika riwaya, na riwaya ilikuwa imekataa kuwaka, kwa hiyo nikawa mshika spana wake.

"Gari hili halina ugonjwa," alitangaza siku ya kwanza, kichwa ndani ya boneti. "Lina huzuni. Mwandishi, nipe bisibisi."

"Huzuni inatibiwa kwa bisibisi, mjomba?"

"Wewe yako unaitibu kwa kalamu. Umepona?"

Nikampa bisibisi.

Nayapenda majuma yale kuliko ninavyoweza kueleza. Kipupwe kilikuwa kimeingia. Mwezi wa saba upepo wa Ufipa hupepeta kila kitu, si nafaka tu. Hupepeta sauti, moshi, mawazo ya mtu. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande mzito, na chuma cha gari kiliuma vidole kama maji ya kisima. Lakini kufikia mchana jua kavu la uwanda lililijaza lile gari mpaka ndani kukawa na joto tamu la mkate unaotoka tanurini. Nilikuwa naingia na daftari langu, najifungia vioo, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi nikawa naandika bila soksi mbili.

Tulikuta maharage kila mahali. Chini ya viti, kwenye mashimo ya mikanda, ndani ya taa iliyotazama mbinguni. Mjomba alisafisha rejeta, akatoa tope jekundu kama uji wa mtama. Alibadilisha pedi za breki, akafumua ekzosi na kuichomelea upya, akafunga plagi mpya. Kila alipomaliza kitu kimoja alisema sasa limebaki dogo tu, na lile dogo lilikuwa na watoto. Dada alikuja Jumamosi, akavua viatu vya shule, akalala chini ya gari pamoja naye. Mtoto alikaa juu ya tairi la akiba akiwaangalia miguu tu.

"Mwalimu amekufa?" aliniuliza siku moja.

"Anatengeneza gari."

"La nani?"

"Lako," alijibu dada kutoka chini, na spana ikanyamaza kidogo.

Kilichomshinda mjomba ni mlango wa nyuma, wa kushoto. Ulikataa kufunga. Alibadilisha bawaba, akagonga kitasa, akaupaka mafuta, akautukana kwa Kifipa na kwa Kiswahili. Mwisho iligundulika kwamba ukiuinua kidogo kwa kitasa, ukausindikiza kwa nyonga, hufunga. Lakini ni lazima uinue kwanza. Ukiubamiza, hukurudia.

"Mlango huu unataka heshima," mjomba alisema.

"Mlango wa kubembelezwa," alisema mama kutoka barazani. "Na bado hamjafika Lyamba."

Jioni nilimwona mara kadhaa akilizunguka gari peke yake, shali begani, huku mtoto akimfuata. Nilidhani analitafutia kasoro za kesho.

Jumamosi ya mtihani mjomba aliwahi kuliko tulivyopatana. Ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya mabati. Mama alitoka nje, akalikuta gari linanguruma tayari, akasimama.

"Subirini kwanza. Kuna kitu nataka nitoe."

"Dada, kama unaogopa, sema," mjomba alimwambia mama. "Hakuna atakayekucheka. Mimi nitacheka, lakini kidogo."

Mama alimtazama, akaingia, akakaa nyuma katikati ya mimi na mtoto, mkoba magotini, kama mtu aliyepanda kizimbani. Niliuinua mlango, nikausindikiza. Ukafunga. Dada akatia gia.

Kushuka hakukuwa shida, kwa kuwa breki zilikuwa mpya na mjomba alikuwa akizisifu kila kona. Kisha miti ikafunguka na bonde likaonekana lote kwa mara moja, manjano na kijani, na mbali kabisa ziwa, bapa na angavu kama bati jipya. Joto lilipanda kutukuta. Tulivua masweta moja baada ya jingine. Ilemba tukageuza mbele ya nyumba ya dada, tukanywa maji, mtoto akaonyeshwa chumba chenye kitanda kidogo kilichotandikwa shuka la maua. Mama alikigusa kile kitanda, akabonyeza godoro kwa kiganja. Gari lilikaa juani muda wote huo. Naomba hilo likumbukwe.

Halafu tukaanza kupanda.

Dada aliendesha kwa midomo iliyobanwa. Mjomba, pembeni yake, aliutazama mshale wa joto kama padri anavyotazama kikombe. Gia ya pili, gia ya kwanza, tena ya pili. Mawe yalipiga tumbo la gari. Kwenye kona moja tulikuta kundi la ng'ombe limejaza njia yote, pembe pana, vumbi hadi shingoni, na nyuma yao mfugaji wa Kisukuma aliyejifunika blanketi.

"Usisimame," mjomba alinong'ona.

"Sisimami."

"Sasa utawapandia juu?"

Dada alitoa kichwa dirishani. "Kaka, samahani, tunafanya mtihani!"

Sijui yule kaka alielewa nini, lakini alipiga mluzi mmoja, na kundi likajigawa kama nywele zinazochanwa. Tukapita katikati kwa mwendo wa mtu anayekwenda msibani. Ng'ombe mmoja alitia pua dirishani akamnusa mama. Gari halikusimama. Nilimwona dada kwenye kioo: macho yalianza kucheka.

Tulikuwa tumebakiza kama theluthi ya mlima ilipoingia harufu. Nzito, yenye uchachu, tamu kidogo, ya kitu chenye joto kinachogeuka kuwa kitu kingine.

Mjomba alinyanyuka kwenye kiti. "Klachi! Klachi inaungua. Simama."

"Mshale uko chini, mjomba."

"Mshale wa mwenye maharage huo, unauamini? Mwalimu, simama, utaua injini."

Dada aliendelea hatua chache, harufu ikazidi, kisha mguu wake ukatii. Gari likasimama. Palikuwa kimya mno, upepo tu na mlango wangu ukitetemeka. Dada aliweka paji la uso juu ya usukani. Mama alitazama nje, upande usio na kitu cha kutazama.

Mjomba aliweka jiwe nyuma ya tairi, akafungua boneti, akainama, akanusa, akainuka. "Hapa hamna kitu," alisema kwa mshangao wa mtu aliyeonewa. Akanusa kuelekea nyuma. Akafungua buti, akainua kifuniko cha tairi la akiba.

Gunia lenye unyevu lilikuwa limetandazwa pale kwa ustadi, na chini yake ulezi, umechipua wote, vijizizi vyeupe vikishikana kama sufi. Mvuke ulitoka.

"Mama, umeota!" mtoto alipiga makofi, akimwambia bibi yake. "Ulezi wetu umeota!"

Mjomba alimgeukia dada yake polepole. "Kimea," alisema. "Ndani ya gari la mtihani."

"Sasa nioteshe wapi?" Mama alikuwa ameshuka, na kutahayari kulimfanya awe mkali. "Mmeniletea jiko la gesi, halina jivu, halina pembe ya joto. Mwezi wa saba ulezi unalala tu kama mgonjwa. Gari linakaa juani kutwa nzima. Nilitaka kuutoa asubuhi, ukaanza kuniambia naogopa."

Wakaendelea kwa Kifipa, kwa kasi ambayo mimi, mtoto wa mjini, sikuifuata yote, lakini nilisikia mjomba akirudia neno la klachi na mama akirudia maneno ya kumkumbusha mtu utoto wake. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya jiwe. Hata mfugaji, aliyekuwa ametufikia kwa chini na ng'ombe wake, alicheka bila kujua kwa nini.

Dada hakucheka. Alikuwa ameshika vichipukizi vichache kiganjani.

"Mama, kimea cha nini?"

"Cha pombe. Kimea huwa cha nini?"

"Pombe ya nini? Hatuna harusi. Hatuna kipaimara."

Hapo mama aliinamia gunia. Kwetu nyumbani hapikwi pombe bila sababu, na kimea hakioteshwi kwa siku moja. Unaloweka, ukafunika, ukasubiri. Kisha ukaanika, ukasaga, ndipo upike. Aliyeloweka ulezi ule aliamua zamani, wakati ekzosi bado iko chini na breki bado ziko dukani.

"Mtoto wa nyumba yangu haondoki kwa soda," alisema hatimaye, akifunika gunia vizuri.

"Lakini gari limesimama."

"Gari halikusimama. Limesimamishwa na fundi." Akafunga buti. "Washa, tumalize. Kinapata baridi."

Tukapanda. Kileleni upepo wa uwanda ulitupiga tukiwa bado hatujavaa masweta, na mjomba akasema kwamba yeye alijua tangu mwanzo si klachi.

Pombe ilipikwa, majirani wakaja, mtoto akanywa togwa mpaka akalala na masharubu meupe. Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya kwanza, tulipakia godoro, sufuria mbili, na kuku mmoja aliyekuwa akilalamika ndani ya kikapu. Mama alimfunga mtoto skafu, akaifungua, akaifunga tena. Bonde ni la joto, hakuna aliyemwambia.

Mtoto alipanda nyuma, kushoto, akajiweka sawa kama abiria mzoefu. "Mwalimu," aliita mbele, "twende."

Nilisogea kumfungia, lakini mama alinisogeza kando kwa kiwiko. Alishika kitasa, akauinua mlango kidogo, akausindikiza kwa nyonga. Ukafunga mara moja.