Tangi Moja Mpaka Ukweni

Mtaa mzima ulikubaliana kwamba Fundi Siti hakulistahili lile gari, na hakuna aliyeona haya kumwambia hivyo usoni. Mtu anayeshona viti vya magari ya watu kutwa nzima, suruali imekauka gundi, nyuzi zimemganda mpaka kwenye ndevu, halafu jioni anafunga banda lake na kujitumbukiza kwenye gari la kifahari la milango miwili, la silinda sita, lililotengenezwa kwa ajili ya matajiri wenye haraka! Lazima asemwe.

Gari lenyewe lilikuwa limekula chumvi. Rangi yake ya fedha ilishapauka juu ya paa, na dirisha moja lilishuka kwa kubembelezwa. Lakini likiwashwa, hata waliokuwa wanagombana walinyamaza kwanza wasikilize. Lilikuwa la rubani mmoja mstaafu, mteja wake, aliyelileta lishonwe ngozi mpya, kisha akahamia ng'ambo kwa mwanawe. Lilikaa bandani hadi kuku wakaanza kutagia chini yake. Siku moja rubani akapiga simu. "Fundi, mimi sirudi tena. Hilo gari litakufaa wewe." Hati zikafuata. Fundi Siti akalijaza mafuta, akalizungusha mtaani kwa maringo, na kabla ya saa ya chakula cha mchana mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini. Watu wakalibatiza jina siku hiyohiyo. Wakaliita Mlevi.

Mke wake alilicheka mpaka akashika mbavu. "Gari zima viti viwili! Sasa ndugu zako wakija watapanda wapi, kwenye buti?" Kisha akaingia, akakaa, akavua viatu, akavuta mkanda. "Haya bwana wewe, twende." Alikuwa mwanamke wa kupenda safari, hata ya kwenda sokoni tu na kurudi. Mgongo ulikuwa unamsumbua, kwa hiyo Fundi akakifungua kile kiti cha pembeni, akakiongezea sponji, akakishona upya kwa uzi wa rangi ya maziwa. Hakuwahi kumwambia kwamba anampenda kwa maneno mengi kuliko yale ya cherehani.

Hapo ndipo baba yake mkewe alipofariki. Mke alitangulia kwa basi, analia njia nzima, na Fundi akaahidi kwamba kesho yake atamfuata. Lakini bandani palikuwa na gari la maharusi, viti vyote viko chini, na mwenye gari amesimama mlangoni anamsihi. Fundi akajiambia anamalizia kidogo tu. Kesho ikawa kesho kutwa. Alipofika ukweni, mazishi yalikuwa yamekwisha na waombolezaji walikuwa wanafunga virago. Mkewe hakumgombeza. Alimpa maji ya kunawa, akampakulia chakula, akakaa naye mpaka akamaliza kula. Fundi alipotaja safari ya kurudi, mke akasema, "Tangulia. Mimi nabaki na mama kidogo." Kidogo hicho kikawa mwezi, kikawa miezi, kikavuka mwaka.

Ndipo safari zilipoanza. Kila mwisho wa mwezi Fundi Siti alifunga banda na kwenda ukweni, njia ya kutwa nzima, kumrudisha mkewe. Alitaka jambo moja tu duniani, mkewe arudi nyumbani. Na neno la kulipata jambo hilo lilikuwa moja pia, nalo alilijua: nisamehe, sikuja kumzika baba yako. Alilisema vizuri sana akiwa peke yake kwenye usukani. Akifika ukweni linamkwama kooni, mtu mzima anabaki anakohoa.

Watu walimwambia apande basi. Akakataa katakata. "Mke wangu nikimrudisha, namrudisha kwa gari lake, amekaa kwenye kiti chake." Maneno matamu, ila Mlevi hakuwa na habari nayo. Safari ya kwanza alikunywa kama ametoka jangwani, na wakati wa kurudi Fundi alikwama mlimani, akaokolewa na watu wenye trekta. Makanika wa banda la jirani alicheka mpaka machozi, kisha akamwonea huruma na kuanza kumfundisha.

Basi Fundi akafundishika. Akabadilisha plagi na chujio la hewa. Akajaza matairi upepo mpaka yakawa magumu. Akawa anaondoka kabla jua halijachomoza ili asiwashe kiyoyozi, na jua likishawaka anafunga vioo vyote, eti upepo unaoingia unalivuta gari nyuma, anabaki mle ndani anajipika. Mguu wake ukakanyaga mafuta kama anayekanyaga yai. Gari lililozaliwa kuruka likawa linapitwa na malori ya mbao, linapitwa na pikapu za nyanya, na utingo mmoja alimpungia mkono wa kwaheri kabisa. Fundi hakujali. Akitokea mteremko anaondoa mguu na kuliacha liserereke lenyewe, anatabasamu peke yake kama aliyeokota kitu.

Na ilisaidia. Kila safari mshale ulishuka polepole zaidi. Hapo ndipo mtu anapotamani kumshika Fundi huyu mabega na kumtikisa, maana furaha ilimwingia, na furaha hiyo ilikaa mahali ambapo huzuni yake ilipaswa kukaa. Akifika ukweni, akishamwamkia mama mkwe, akishaletewa chai barazani, mkewe ameketi mbele yake, mikono mapajani, anamtazama, yeye anafungua kinywa na kusema:

"Safari hii nimejaza mara moja tu njiani."

"Hongera," anasema mke.

"Sikuwasha kiyoyozi njia nzima."

"Na joto hili?"

"Nimevumilia."

Mke anangoja. Anasogeza kikombe, anafukuza nzi ambaye hayupo. "Kuna lingine?"

"Lingine lipi?"

"Hakuna. Kunywa chai, inapoa."

Asubuhi anamwuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia njia, kama wataondoka pamoja. Mke anatikisa kichwa. Fundi anarudi peke yake, na akifika bandani anamweleza makanika habari za mshale.

Ni makanika aliyelileta lile la uzito, na hakulileta kwa ubaya. "Unabeba vyuma vya bure, jirani. Tairi la akiba la nini? Jeki la nini? Toa. Uko peke yako humo." Neno hilo la mwisho lingemchoma mtu mwingine. Fundi lilimpita sikioni, kwa sababu alikuwa tayari ameshafungua buti. Likatoka tairi la akiba, likatoka jeki, likatoka boksi la spana. Yakatoka mazulia. Ikatoka redio na spika zake. Mwezi uliofuata alifika kwa tangi moja na kidumu kidogo cha mafuta ya akiba. Kidumu hicho kikamkosesha usingizi. Alitaka tangi moja tu, kutoka mlangoni kwake mpaka mlangoni kwa mama mkwe.

Asubuhi moja alikuwa anafungua viti vya teksi ya mteja. Alipomaliza hakuweka spana chini. Akaenda kwa Mlevi, akafungua mlango wa kulia kwa wa kushoto, akavitazama vile viti. Vilikuwa vya kifahari kwelikweli, vya mota za umeme, kila kimoja kizito kama mfuko wa saruji. Cha dereva hakina ujanja. Cha pembeni alikifungua nati, akachomoa waya, akakinyanyua na kukitoa kabla chai yake haijapoa. Ilikuwa ni kazi yake ya kila siku, mkono uliijua bila kumuuliza mwenyewe. Akakipandisha kwenye rafu pamoja na viti vya wateja, akakifunika kwa shuka safi kisipate vumbi. Makanika akapiga mluzi. "Sasa unafika!"

Akafika. Ilikuwa safari nzuri kuliko zote alizowahi kwenda. Milima ilimpokea vizuri, miteremko ikampa vyake. Kwenye vituo vya mafuta alipita wahudumu wanampungia naye anawapungia, hasimami. Mchana kutwa hakula chochote kwa hofu ya kuzima injini na kuiwasha tena. Taa nyekundu ya mafuta iliwaka akiwa anaingia mji wa wakwe, lakini Mlevi hakuzimika. Alipiga honi getini jua likiwa linaelekea kuzama.

Mama mkwe alitoka kwanza, anafuta mikono, uso umemchanua kwa namna asiyoizoea.

"Shikamoo mama. Tangi moja, mama! Sikujaza popote!"

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Leo umekuja siku njema."

Mkewe akatokea nyuma yake. Alikuwa amevaa gauni lake la safari na viatu vya kufunga. Mkononi alikuwa na begi, lile begi alilokuja nalo msibani. Fundi alilitazama begi kwa muda kabla akili haijamfikia.

"Begi la nini?"

"La nguo, la nini tena?" Mke alikuwa anajizuia kucheka. "Kesho tunaondoka wote. Acha niliweke kwenye gari kabisa, nisije nikageuza mawazo usiku."

Akampita, marashi yake yaleyale, akaenda moja kwa moja upande wake wa gari. Fundi alikuwa na nafasi ya kusema kitu. Alikuwa na hatua zote zile za kusema kitu. Furaha ilikuwa imemfunga ulimi, na kichwani mwake, wallahi, kiti kilikuwa bado kipo.

Mke akafungua mlango.

Hakuona kiti. Aliona bati tupu la sakafu, mashimo ya bolti, na waya mmoja uliofungwa ncha vizuri kwa utepe mweusi, kazi safi ya fundi. Alisimama ameinama hivyohivyo, begi mkononi.

"Kiti changu kiko wapi?"

"Kipo," Fundi alisema upesi. "Kipo bandani. Nimekifunika kabisa, hakina hata vumbi."

"Kipo bandani."

"Ni uzito, mke wangu. Kile kiti ni kizito. Nilikuwa napunguza mafuta, ili..."

"Ili nini?"

Ili nije kukuchukua, alitaka kusema, na aliyasikia maneno hayo yalivyo ya kijinga kabla hayajamtoka.

"Niambie kitu kimoja," mke alisema, bila ukali wowote, na heri angekuwa mkali. "Ulipokuwa unafungua zile nati, ulidhani mimi nitakaa wapi?"

Angeweza kudanganya. Angesema alipanga kukodi gari, angesema lolote. Alijitafuta moyoni, akaona jambo lililomtisha. Siku ile na spana mkononi mkewe hakumjia akilini hata kidogo. Mahali fulani kwenye barabara ile ndefu alikuwa ameacha kuamini kwamba mkewe atarudi, na hakujiambia. Aliendelea tu kwenda.

"Sikufikiria," akasema.

Mke aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza bei ya kitu na kuambiwa.

Hapo Fundi akapagawa. Alikimbilia ndani, akapita jikoni, akatoka na kiti cha mbao cha mezani cha mama mkwe, akaanza kukilazimisha kuingia mlangoni mwa gari. Hakikuingia. Akakigeuza miguu juu, akakilaza ubavu, akajigonga kichwa kwenye paa. "Mimi ni fundi wa viti!" alikuwa anasema, anahema. "Hili ni jambo dogo. Nakata miguu, nakifunga kwa kamba, naweka godoro juu. Utakaa vizuri, mke wangu, utakaa vizuri kabisa." Mke alimtazama mumewe akipigana na kiti, na kidogo acheke kama zamani, kicheko kilishafika mdomoni. Kikageuka kilio.

"Acha kiti cha mama," akasema.

Fundi akaacha. Hakuwa tena na la kufanya, na ndipo lile neno lililokuwa limemkwama muda wote huo likatoka lenyewe, jepesi, bila kukohoa. "Nisamehe. Sikuja kumzika baba. Nilikaa nashona viti vya watu wakati wewe unamzika baba yako. Nisamehe."

Mke alijifuta uso kwa kiganja, mara moja, mara ya pili. "Hilo nilishakusamehe," alisema. "Nilikusamehe bila kuombwa. Unadhani begi hili nililifunga kwa nini?"

Akalibadilisha mkono, akaingia nalo ndani.

Fundi alibaki amesimama kando ya mlango wa gari, bado ameshika kiti cha mbao. Mama mkwe alikuwa ameona yote kutoka barazani. Alishuka taratibu.

"Mama, nikajaze mafuta niende sasa hivi? Nikikimbiza, kesho kutwa nipo hapa na kile kiti."

Mama mkwe alimtazama kwa huruma, na ilikuwa huruma ya kweli, ya mzazi. "Utakileta ukipenda, gari ni lako," alisema. "Lakini usikilete kwa ajili yake. Namjua mwanangu. Lile begi hatalifunga tena."

Kisha akamtoa kiti mikononi na kukirudisha mezani, kwa sababu chakula kilikuwa tayari na watu wa kula walikuwa watatu.