Kumgeuza Baba Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini, Sista Mkuu hakunipa dawa wala bandeji. Alijilaza kwenye kitanda cha kamba, akajilegeza kama gunia, akasema, "Nigeuze."

Nikamvuta mkono. Akapiga ukelele. "Utaning'oa bega!" Kisha akacheka.

Ndivyo nilivyoanza uhudumu katika zahanati ya misheni pale Ifakara, enzi za Mjerumani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, njaa bado. Alinifundisha kumkunja mgonjwa goti, kumshika bega na nyonga, na kumviringisha kuelekea kwangu, uzito ukibebwa na mapaja yangu, si kiuno. Mgonjwa asiyegeuzwa hupata vidonda vya kulalia: ngozi hufa pale mifupa inapogandamiza. Vidonda hivyo viliwaua watu waliokwisha kupona risasi.

Haukupita muda, baba mkwe wangu akaletwa kwa mtumbwi kutoka ng'ambo ya Kilombero. Risasi ya siku za mwisho za vita ilikuwa imempiga kiunoni. Miguu haikuwa na nguvu. Kwetu mke wa mwana hamgusi baba mkwe. Wanaume wengi walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo ya serikali, akabaki mhudumu mmoja tu wa kiume, Alfonsi. Sista Mkuu alikuwa na wagonjwa wengine, hivyo Alfonsi akamgeuza peke yake, lakini kwa kumburuza, na ngozi ya mgongo ikazidi kuchubuka.

Nilipomkaribia, mzee alifumba macho. "Alfonsi, mwambie mke wa Matiasi arudi nyumbani. Heri nioze kuliko anishike."

Nyumbani, mume wangu Matiasi naye alisema, "Ukimgusa baba, nitauweka wapi uso wangu?"

"Na akifa?"

Akachukua jembe, akatoka.

Bwana Mganga, Mjerumani mkubwa wa zahanati, alifoka, "Mila haziponyi kidonda. Mgeuze!" Sista Mkuu alisubiri aondoke, ndipo akaniuliza, "Kilichokatazwa hasa ni nini?"

"Mkono wangu kwenye mwili wake."

Akakunja shuka mara mbili. Yeye na Alfonsi wakalitandika chini ya mzee, toka mabegani hadi mapajani. "Muulize, Alfonsi. Shuka nalo ni mkono?"

Mzee akalipapasa shuka kwa vidole. Hatimaye akasema, "Mwambie shuka ni nguo. Lakini atazame ukutani."

Tukaviringisha pindo za shuka hadi karibu na mwili wake, mimi na Alfonsi, kila mtu upande wake. Nikaukabili ukuta, nikavuta. Mara ya kwanza tulimwacha upogo, kwa kuwa sikumwona Alfonsi. Basi mzee mwenyewe akaanza kutuongoza: "Haya, sasa!" Nasi tukavuta pamoja, akainuka, Alfonsi akamlaza ubavu.

Vidonda vikakauka, miguu ikaanza kurudiwa na nguvu. Mvua zilipokatika alikuwa anaketi ukingoni mwa kitanda, na Matiasi alipokuja kumchukua, mzee alitembea hadi mtoni kwa magongo mawili. Huko akamwambia mwanawe, nami nikisikia, "Mkeo asiache kazi hii."

Sikuacha. Nilipelekwa Mahenge chini ya Sista mkali asiyejua kucheka, kisha nikarudishwa Ifakara, na hapo nikazeekea. Nimewageuza akina mama wazazi, askari, na wezi waliovunjwa miguu. Kila mmoja nilimwambia kwanza ninachotaka kufanya, kwa maana mtu akijua, hukusaidia kwa nguvu aliyo nayo, hata kama ni ya shingo tu.

Sasa nimestaafu. Kila alfajiri hugeukia upande wa pili peke yangu, bila kumwita mtu, na kabla sijafumbua macho huwa nimeshashukuru.